Bendera ya Asiyeweza

“Kwani mimi sina vidole?”

Ndivyo alivyouliza nyanyangu mbele ya kaunta ya ofisi moja mjini Mombasa ambayo sina haja ya kuitaja. Alikuwa ameenda kuchukua pesa zake. Aliweka kidole gumba cha kulia kwenye ile mashine ndogo yenye mwanga mwekundu, ikalia. Akaweka cha kushoto, ikalia tena. Kijana wa kaunta akampa kitambaa apanguse mikono, akapangusa. Vidole vyote kumi vikapita pale kimoja kimoja, kama watoto wa chuoni wakisikizwa sura, na vyote vikafeli. Mwisho kijana akasema, tena kwa adabu, wallahi hakumkosea heshima: “Pole nyanya, mashine imekataa. Kwenye sistimu inaonyesha haupo.”

Nyanya akaitazama mikono yake. Mikono hiyo imekanda unga wa mahamri alfajiri kwa zaidi ya miaka thelathini. Imekuna nazi, imefua, imeepua sufuria za moto bila kitambaa. Mistari ya vidole imelika, kama zinavyolika ngazi za nyumba ya zamani. Ndipo akauliza swali lake, na hakuna aliyemjibu. Tukatoka, tukapanda tuktuk, tukarudi nyumbani kimya.

Mimi ndiye niliyekuwa na sababu kubwa zaidi ya kunyamaza. Kazi yangu ni kuandika programu zinazounganisha mashine kama ile na kompyuta. Ile ya siku hiyo haikuwa kazi yetu, lakini ingeweza kuwa. Nilijua kwamba mashine haikukataa kitu. Mashine ilisema “sikuweza kusoma”. Halafu mahali fulani huko ndani, kwenye mstari ambao mtu kama mimi aliuandika akiwa na haraka ya kwenda lanchi, “sikuweza kusoma” ikageuzwa ikawa “hayupo”.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo nilidhani ni la kiufundi tu: kitu kisichoweza jambo fulani, tukipe njia gani ya kusema kwamba hakiwezi? Na kikishasema, tukifanyie nini?

*

Jioni yake nilikwenda Lighthouse. Ukikaa Kizingo, shida zako nyingi huishia pale. Unaegemea ukuta, unanunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, unaangalia bahari mpaka akili itulie. Meli ya makontena ilikuwa yaingia kuelekea Kilindini, ikipita karibu mno na nchi kavu, mpaka watoto wakawa wanaipungia mkono. Juu yake palikuwa na bendera ndogo, nusu nyeupe nusu nyekundu.

Katika lugha ya kimataifa ya meli, bendera hiyo ni H, na maana yake ni: nina rubani ndani. Ile yenye milia ya manjano na buluu ni G: nahitaji rubani. Siku hizi mengi husemwa kwa redio, lakini bendera bado zipo, na mimi huipenda sana hiyo G. Nahodha wa meli kubwa, aliyevuka bahari tatu, anafika mlango wa bandari na kutangaza hadharani kwamba njia hii haijui vizuri, aje mtu wa hapa amwongoze. Hakuna anayemcheka, wala hakuna anayemwambia arudi alikotoka. Amesema asichoweza, anapelekewa mtu, kazi inaendelea.

Kuna nyingine ya manjano tupu, Q. Zamani bendera ya manjano ilikuwa ishara ya maradhi. Meli yenye ugonjwa, au iliyoshukiwa, iliipandisha ili watu wakae mbali nayo. Leo Q ina maana iliyo kinyume kabisa: meli yangu ina afya, naomba ruhusa ya kuingia. Kwa muda mrefu niliona huo ni mchezo wa historia tu. Jioni ile niliona ni jambo zito. Bendera ikiwa ni ya ugonjwa, asiyeipandisha huhesabiwa mzima, kwa hivyo mgonjwa mwongo anachohitaji ni kunyamaza tu. Bendera ikiwa ni ya afya, aliyenyamaza husubiri mpaka aulizwe. Kitambaa ni kile kile. Kilichogeuka ni maana ya kimya.

*

Ndani ya kompyuta pia kuna bendera. Watu wa programu huziita flagi, lakini bendera ndizo hizo hizo. Ukichomeka kamera, printa au mashine ya vidole, mfumo endeshi hauzungumzi nacho kifaa hicho moja kwa moja. Unapitia kwa draiva, kipande cha programu kinachoijua lugha ya kifaa. Kifaa cha USB hujitambulisha kwanza kwa namba: huyu ndiye mtengenezaji wangu, hii ndiyo bidhaa. Lakini kumjua mtu kwa jina na ukoo si kujua anachoweza. Kwa hivyo inabidi uwezo nao utangazwe. Kwenye Linux, programu ya video huiuliza kamera swali liitwalo VIDIOC_QUERYCAP, na ndani ya jibu mna namba ya biti 32. Kila biti ni bendera moja, imepanda au imeshuka: naweza kunasa video, naweza kutoa video, naweza kurusha picha mfululizo. Moja ni ndiyo.

Sufuri ndiyo yenye maneno. Sufuri yaweza kuwa “siwezi”. Yaweza kuwa “hata sijui unauliza nini”, kwa sababu kifaa kilitengenezwa miaka kumi kabla ya swali kubuniwa. Yaweza kuwa “naweza, ila aliyeniunda alisahau kusema”. Biti moja haina nafasi ya majibu yote matatu. Basi anayebuni lazima aamue kimya kitahesabiwa vipi. Na anapoamua hivyo, hata kama anadhani anaandika kodi tu, anaamua ni nani ataumia siku ambayo dhana yake itakuwa si sahihi.

Mashine za vidole zenyewe zina bendera hizi. Linux ina maktaba ya programu iitwayo libfprint, na ndani yake kila draiva hutaja uwezo wa mashine yake: naweza kutoa picha ya kidole, naweza kuthibitisha kwamba huyu ndiye yule, naweza kumtafuta mtu kati ya wengi, naweza kuhifadhi alama ndani yangu. Zaidi ya hayo, maktaba hiyo hutofautisha kidole kisicholingana na kidole ambacho hakikusomeka vizuri na kinafaa kuwekwa tena. Yaani wale walioiandika walijua kwamba “si yeye” na “sijaona” ni mambo mawili tofauti.

Kwa hivyo nadhani hata mashine ya pale kaunta ilikuwa na bendera zake zote. Aliyekosa bendera ni nyanya. Hakuna aliyemwachia nafasi ya kusema: nipo, lakini vidole vyangu havisomeki.

*

Mfano mzuri wa jinsi ya kushughulika na asiyeweza tumekuwa nao mfukoni miaka yote hii. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, haikuwa apu. Ilikuwa menyu iliyokaa ndani ya laini ya simu. Menyu za aina hiyo hufanya kazi kwa mapatano kati ya laini na simu. Simu inapowashwa, huipelekea laini orodha ya biti, na kila biti ni uwezo mmoja: naweza kuonyesha maandishi kwenye skrini, naweza kumwomba mtumiaji aandike namba, naweza kutuma ujumbe kwa niaba yako. Kanuni za GSM zinasema jambo ambalo mimi naliona la hekima: simu isipotuma orodha hiyo, laini ichukulie kwamba simu haiujui mfumo huo wa menyu. Isikisie.

Na baada ya hapo? Simu ile inaendelea kupiga na kupigiwa. Inatuma ujumbe. Imekosa menyu, basi. Haikuambiwa kwamba haipo.

Pia waliobuni huduma ile hawakudai mengi. Mulika mwizi, ile simu ya vitufe yenye tochi, iliweza. Wangedai skrini ya rangi na intaneti, mwaka ule wangewahudumia watu wachache wa Nairobi na Nyali, na mama mboga wa Kongowea asingekuwamo. Leo tuna namna nyingine ya kufungia watu nje, ya kimya zaidi. Kwenye Android, mwenye apu hutaja vifaa ambavyo apu yake inahitaji. Akisema kifaa fulani ni cha lazima, Play Store huificha apu hiyo kwa simu zisizo nacho. Akisema ni cha hiari, apu inaonekana kwa wote, na ni juu yake kukagua ndani kama kifaa kipo na kupanga la kufanya kisipokuwepo. Tofauti ni neno moja tu kwenye faili moja. Lakini yule wa simu ya bei ya chini hakatazwi mlangoni. Haoni hata kwamba kuna mlango.

Kutokana na hayo najiwekea kanuni ya kwanza: bendera iwe ya uwezo, kimya kihesabiwe kuwa “hapana”, na “hapana” ya jambo moja isienezwe ikawa “hapana” ya kila kitu.

*

Kanuni hiyo haitoshi, nami sitaki kudanganya kwamba inatosha. Kuna mambo ambayo asiyeyaweza anaweza kusaidiwa, na kuna mambo ambayo hayana msaada.

Kadi ya mtandao ikisema haiwezi kupiga hesabu ya kuhakiki vifurushi vya data, Linux huipiga hesabu hiyo yenyewe. Kazi itakwenda polepole kidogo, lakini itakwenda. Sasa chukua diski. Diski nyingi huwa na kumbukumbu ya muda ndani yake. Unaiambia “andika”, inakujibu “tayari”, kumbe data bado imekaa kwenye kumbukumbu ambayo stima zikipotea nayo hupotea. Kwenye diski za NVMe kuna bendera ya kukiri jambo hilo: nina kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika. Ikiipandisha, mfumo endeshi unajua lini uiamrishe imwage kila kitu mahali pa kudumu. Isipoipandisha, mfumo huamini kwamba hakuna cha kumwaga.

Umeona hiyo ni bendera ya aina gani? Ni ile manjano ya zamani, bendera ya ugonjwa. Anayenyamaza huhesabiwa mzima. Na hapa hakuna namna ya kumsaidia mwongo, kwa sababu programu haiwezi kuziba pengo ambalo haijui lipo. Diski ikificha udhaifu wake, utakuja kujua siku stima zimekatika na hesabu za mwezi mzima hazipo. Katika mambo kama haya, draiva inayokataa waziwazi, “kifaa hiki siwezi kukiamini kwa kazi hii”, imekufanyia hisani kuliko ile inayoitikia kila kitu.

Kwa hivyo kukataa si dhambi. Dhambi ni kukataa bila kusema umekataa nini, au kukubali huku unajua huwezi.

*

Lakini mbona vifaa vidanganye? Kifaa hakina tamaa wala aibu.

Niliwahi kununua flashi iliyoandikwa 1TB kwa pesa ambayo haitoshi biriani ya watu wawili. Najua, najua. Niliichomeka, kompyuta ikaiuliza ukubwa wake, ikajibu bila kusita. Nikaweka picha za harusi ya dada yangu. Wiki mbili baadaye majina ya faili yalikuwepo lakini picha hazikufunguka. Flashi za namna hiyo huwa na chipu ndogo tu ndani, kisha mtu amebadilisha programu yake ili itangaze ukubwa isio nao. Zikishajaa, kinachoandikwa zaidi hupotelea hewani au hufuta cha mwanzo. Iko programu iitwayo F3 ambayo dawa yake ni rahisi: inaijaza flashi mpaka mwisho, kisha inasoma tena kila kitu kuona kama kimebaki. Haiulizi “una ukubwa gani?” Inasema “nionyeshe”.

Wahenga walisema bendera hufuata upepo. Tumezoea kumsema nayo mtu kigeugeu, lakini methali hiyo inamtaja upepo pia. Bendera ya ile flashi ilifuata upepo wa soko ambamo anayesema “mimi ni 8GB” hapati mteja. Na sisi je? Hebu jikumbuke kwenye intavyuu. “Unajua Excel?” Ndiyo. “Unaweza kufanya kazi chini ya presha?” Sana. “Una leseni ya kuendesha?” Iko njiani. Tunapandisha kila bendera kwa sababu tunajua mwenye kuuliza hatafuti kujua. Anatafuta wa kumwondoa. Mtu akijua “hapana” moja itamtoa kwenye foleni nzima, umemfundisha kusema uongo kabla hujamjua jina.

Ndiyo maana siamini tena kwamba ukweli wa bendera ni jukumu la anayeipandisha peke yake. Nusu ya ukweli iko mikononi mwa anayeuliza. Nahodha hupandisha G kwa sababu anajua ataletewa rubani. Angejua kwamba wenye G hurudishwa, pale Lighthouse tungeona meli zote zinapeperusha H, na nyingine zingekaa kwenye mwamba.

Na kuna namna mbaya ya kumshughulikia mwongo. Mwaka 2014 kampuni ya Uskoti iitwayo FTDI, inayotengeneza chipu za kuunganisha vifaa na USB, ilichoshwa na chipu bandia zilizojifanya zake. Draiva yake mpya ikawafikia watu kupitia masasisho ya Windows. Ikikutana na chipu bandia, iliibadilishia namba ya bidhaa ikawa sufuri, na baada ya hapo kompyuta haikuitambua tena. Kelele zilipozidi, draiva ile ikaondolewa. Kampuni ilikuwa na haki ya kukasirika. Lakini aliyeghushi alikuwa ameshalipwa zamani. Aliyeumia ni mwanafunzi aliyenunua kibao cha kujifunzia umeme, ambaye hakuwa na njia ya kujua kilicho ndani. Adhabu ilimpita mwongo ikamwangukia aliyedanganywa.

*

Kuna namna nyingine, na hii inanigusa zaidi kama mtu wa Pwani. Ndani ya Linux mna faili inayoorodhesha vifaa vya kuhifadhia data vya USB vyenye tabia za ajabu: hiki hutaja ukubwa uliozidi kidogo, kile huvurugika ukikiuliza swali fulani. Ukiisoma haraka unaona ni orodha ya kutuhumu watu kwa majina. Ukiisoma taratibu unaona uangalifu. Kila mstari hutaja mtengenezaji, bidhaa, na toleo la chini na la juu ambalo tatizo limeonekana. Hukumu ina mipaka. Toleo lililorekebishwa linaweza kuwa nje ya orodha.

Sasa linganisha na jinsi vijana wengi wa hapa walivyotafuta kitambulisho. Wewe umezaliwa Mombasa, mamako amezaliwa Mombasa, lakini jina lako la mwisho linasikika Kiarabu, au Kinubi, au Kisomali. Unaambiwa ulete cheti cha babu, uketi mbele ya kamati, uulizwe maswali ambayo mwenzako wa jina jingine haulizwi. Wamakonde wa Kwale waliishi miaka mingi bila hata kufikishwa kwenye swali, mpaka mwaka 2016 wakatembea kwa miguu kwenda Nairobi kudai watambuliwe. Ile faili ya Linux humtuhumu kifaa kwa kosa lililoonekana, kwenye toleo lililotajwa. Sisi tumewatuhumu watu kwa ukoo, bila toleo na bila mwisho. Inatia haya kwamba flashi imepata haki ambayo mtoto wa Majengo hakuipata.

*

Nilimweleza mwenzangu wa kazini haya yote. Yeye ni mkubwa kwangu, ameandika draiva tangu mimi niko shule, na si mtu wa kuhurumia hadithi. Alinisikiza mpaka mwisho kisha akasema: “Kaka, hiyo ni tamu, lakini wafikiria nyanyako tu. Fikiria mwizi. Ukisema vidole ni vya hiari, kesho mtu atakuja na kitambulisho cha nyanyako, aseme ‘vidole vyangu havisomeki’, achukue pesa zake. Hiyo njia ya pembeni uliyomfungulia nyanya ndiyo atakayopita mwizi.”

Sikuwa na jibu la haraka. Hoja yake ni ya kweli. Katika usalama wa kompyuta kuna mashambulizi ya namna hiyo hiyo: mshambuliaji hujifanya hajui njia ngumu ili apewe rahisi. Kila hiari ni mlango.

Nchi yetu imelikabili swali hili mara nyingi. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Uchaguzi, kilichoongezwa kupitia marekebisho yaliyotiwa saini Januari 2017, kinataka tume iwe na njia ya kusaidiana na ile ya kielektroniki katika kumtambua mpiga kura. Wengine walipiga kelele, wakihofia kwamba njia ya pili ndiyo itakayotumika kuiba. Halafu tarehe 30 Januari 2020, katika kesi ya Huduma Namba iliyoletwa na Nubian Rights Forum na wenzake, Mahakama Kuu iliona kwamba kuna Wakenya walio katika hatari ya kuachwa nje, ama kwa kukosa hati za utambulisho ama kwa kuwa na alama za mwili zisizosomeka, vidole vikiwemo. Ikasema mpango ule usiendelee mpaka kuwe na kanuni kamili. Nilipoisoma hukumu hiyo nilihisi kama kuna mtu alikuwa amesimama nyuma yetu pale kaunta.

Jibu langu kwa mwenzangu lilikuja baada ya siku kadhaa, nalo si jibu la ushindi. Njia ya pili isiwe rahisi kuliko ya kwanza. Iwe ya aina nyingine, yenye uzito ule ule. Kama kidole hakisomeki, aje ofisa wa pili, picha ilinganishwe na uso, shahidi anayejulikana mtaani atie saini, na iandikwe wazi kwamba siku hii, saa hii, mtu huyu alipita njia hii na kwa sababu gani. Mwizi huchukia maandishi na mashahidi. Nyanya hana neno nayo. Atakaa kwenye benchi, aulizie habari za watoto wa shahidi, muda upite.

“Hiyo ni gharama,” akasema mwenzangu. Ni kweli. Ofisa wa pili analipwa mshahara, na foleni itakwenda polepole. Lakini gharama hiyo haikuzaliwa na hiari. Ilikuwepo tangu mwanzo, ila ilikuwa inalipwa na mwanamke mmoja wa miaka sabini na kitu anayerudi nyumbani mikono mitupu. Sisi tunachoamua ni nani ataibeba. Ofisi ina mabega mapana kuliko yeye.

Mwenzangu hakukubali yote. Bado anasema siku mwizi wa kwanza atakapopita atanipigia simu usiku. Nimemwambia anipigie. Sijui njia ya kufuta hatari hiyo bila kumfuta nyanya pamoja nayo, na katika hizo mbili nimechagua.

*

Nilichofanya kazini ni kidogo. Kwenye programu yetu palikuwa na majibu mawili, “amepatikana” na “hayupo”. Nimeongeza la tatu, “haikusomeka”, na la nne, “mashine hii haina uwezo huo”, na nimehakikisha hakuna mahali ambapo moja linageuzwa kuwa jingine kimyakimya. La tatu likitokea, skrini hufungua njia ya pili yenyewe. Kijana wa kaunta hahitaji kumwomba bosi wala kuwa na moyo mwema siku hiyo. Wema wa mtu mmoja ni kitu kizuri, lakini foleni ni ndefu na kila mtu ana siku yake mbaya.

Nyanya alipata pesa zake baada ya wiki mbili. Ofisa mmoja mtu mzima alitoa daftari, akaliangalia jina, akamwangalia nyanya, akamwita jirani yetu aliyetusindikiza awe shahidi. Nyanya akatia saini kwa kalamu, herufi moja moja, akijivunia.

Usiku ule, akichambua mchele, aliniuliza kuhusu kazi yangu kwa mara ya kwanza.

“Hiyo mashine yenu, yajua kusema ‘sijui’?”

“Yajua, nyanya. Sisi ndio tulioandika kana kwamba haijui.”

Akapepeta ungo mara mbili, akatupa jiwe dogo dirishani.

“Basi rekebisheni,” akasema. “Msimwachie mashine lawama.”